Kengele ya Mtu wa Mwisho

Kengele ya baiskeli ya mume wangu ilikuwa mbovu. Ukiipiga mara ya kwanza inalia vizuri, ting, kama ya mtu yeyote. Mara ya pili inakufa: tok. Kifuniko chake kilipasuka zamani, baiskeli ikiwa bado ya baba yake, na Kimanzi alikataa katakata kuibadilisha. Kengele mpya Thika unaipata kwa bei ya chai na mandazi, lakini mwanamume yule alikuwa na kichwa kigumu. "Hii ndiyo najulikana nayo," aliniambia. Na kweli alijulikana nayo. Tukienda kwa mama yake Kalimoni alikuwa anaipiga langoni, ting-tok, na Mwaitu anaitikia jikoni bila hata kuchungulia, "Ingia, mwana wakwa, haijafungwa." Mwana wakwa ni mwanangu kwa Kikamba, na Mwaitu ni mama, na hivyo ndivyo nilivyomwita mama mkwe wangu tangu siku ya kwanza.

Mambo ya ndege sikuwahi kuyaelewa. Kila Jumamosi asubuhi watu wazima, wengine na vitambi vyao, walikutana kwetu Kamenu na baiskeli, darubini zikining'inia shingoni, wakashika njia za katikati ya mashamba ya kahawa hadi upande wa Juja, kisha wakatokea Ruiru jua likiwa kali. Hawakuwinda. Waliwatazama ndege, basi.

"Na mkishawaona, mnawafanya nini?" nilimuuliza Kimanzi mwaka tuliooana.

"Tunakuwa tumewaona," akanijibu, na akaendelea kupaka cheni mafuta.

Kiongozi wao alikuwa Githae, fundi wa baiskeli kule Ruiru, rafiki ya Kimanzi tangu wakiwa vijana. Kimanzi mwenyewe alikuwa mkia. Mkia ni yule anayeendesha mwisho kabisa, ahakikishe hakuna aliyeachwa nyuma na pancha. Kelele za watu huwafukuza ndege, lakini kengele za baiskeli wamezizoea, maana wakulima hupita nazo kila siku. Kwa hiyo hawakuitana kwa majina. Kwenye kila kivuko mkia alivuka wa mwisho, na akishafika ng'ambo akapiga kengele mara mbili. Githae huko mbele akiisikia, anajua watu wake wote wamevuka, anakanyaga pedali bila kugeuka. Ndivyo walivyo watu wa ndege. Hata ndege aliyejificha majanini wasimwone, mradi wamemsikia, wanamhesabu sawa na aliyeonekana.

Kuna Jumamosi moja Kimanzi alirudi nyumbani amenuna. Alisema Githae na wenzake wanamcheka, eti anapiga kengele kabla hajavuka, eti ana haraka ya kwenda wapi. "Mimi sikupiga, Dianah. Nilikuwa bado katikati ya mto." Nilimwambia ale chakula, kinapoa.

Alikufa mto Ndarugu mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika. Pale wanapopita hakuna daraja la maana. Ni drifti, ukuta mpana wa saruji uliolazwa chini kwa chini, na mvua ikinyesha sana maji yanapita juu yake. Asubuhi ile maji yalifika magotini. Githae alivuka kwanza, baiskeli begani, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Kimanzi alibaki nyuma akiwatazama wote hadi wa mwisho, kama kazi yake ilivyotaka. Ng'ambo njia inapinda papo hapo na kuingia kichakani, kwa hiyo ukishavuka humwoni tena aliye mtoni. Githae alisimama kwenye kona akingoja. Alisikia ting-tok. Akasema, "Haya, twende."

Kimanzi hakutokea. Waliporudi waliiona baiskeli imenaswa kwenye mawe chini ya drifti, gurudumu moja linazunguka. Yeye mwenyewe alipatikana baadaye, mbali sana kule chini.

Githae aliapa kwa polisi, akaapa kwetu nyumbani, akaapa mbele ya jeneza, kwamba aliisikia kengele. Wenzake walisema mvua ilikuwa na kelele, wao hawakuwa na hakika. Yeye alikuwa na hakika. Ile kengele mbovu, akasema, haiwezi kufanana na nyingine duniani.

Hebu fikiria maana ya maneno hayo. Kama Kimanzi alipiga kengele, basi alikuwa amevuka. Kama alikuwa amevuka, alirudi majini kufanya nini?

Watu hawakukawia kujijibu. Kimanzi alikuwa amesimamishwa kazi tangu Januari, kiwandani, eneo la Viwanda, yeye na shifti yake nzima, na mwanamume aliyekaa nyumbani miezi mitatu kila mtu anajua anachowaza. Hakuna aliyenitamkia hilo jambo. Kanisani wanawake walinishika mkono kwa muda mrefu kupita kiasi, wakaniangalia machoni wakitafuta kitu, nikawa natamani kuwazaba makofi.

Mwaitu ndiye aliyeniumiza zaidi. Siku ya mazishi alipopewa udongo autupe kaburini aliufungua mkono pembeni, udongo ukaanguka kwenye nyasi. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mwanawe. Akiombea chakula, aliniombea mimi, akamwombea mjukuu wake Kamene, akaombea ng'ombe. Alikuwa ameamini kwamba mwanawe aliwatoka kwa hiari yake, tena bila kuaga.

Mimi niliamua kwamba Githae ni mwongo. Hakungoja, aliondoka na wenzake, kisha akabuni kengele ili kujiokoa. Kumchukia Githae kulikuwa rahisi kuliko kumchukia Kimanzi, na mimi nikichukia sifanyi nusu nusu. Nilimwambia asikanyage kwangu. Lakini nikiwa peke yangu nafua au napika, nilianza kumchunguza marehemu. Ijumaa ile aliosha vyombo bila kuambiwa. Jumamosi asubuhi aliacha simu nyumbani. Alirudi kutoka mlangoni akamfunika Kamene blanketi. Je, mwanamume anayeosha vyombo bila kuambiwa si anaaga? Niliigeuza Ijumaa ile mpaka ikachakaa, na jibu sikulipata.

Ndipo mvua fupi zilipoanza, na kengele ikaanza kulia.

Nafuna, jirani ya Mwaitu, ndiye aliyeniambia kwanza. Wanawake waliokuwa wakikata nyasi za ng'ombe pale drifti walikuwa wameacha kwenda. "Mama Kamene, sitaki kukuudhi," alisema, akitazama viatu vyake. "Asubuhi asubuhi kuna baiskeli inapiga kengele pale. Unapisha njia, hakuna mtu anapita. Inalia ile kulia yake, unajua. Ile ya kwenu."

Nilirudi Kamenu. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa ukutani nyuma ya mlango, na kengele yake juu ya usukani. Nilichukua spana nikaifungua. Niliiviringisha kwenye kitambaa, nikaitia kwenye mkebe wa unga, nikaufunga mkebe na kuusukuma chini ya kitanda. Kama ilitaka kujipiga, ijipigie huko.

Wiki iyo hiyo Githae akabisha mlango. Alikuwa amekonda, shati linamwelea. Hakuthubutu kuingia.

"Shemeji, najua ulinikataza," alisema. "Lakini nimeisikia tena. Nilienda jana, nikaenda na juzi. Nimeisikia na hizi masikio zangu."

"Githae, umekuja kuniambia mume wangu amegeuka jini la barabarani?"

"Sijui imegeuka nini. Haki ya Ngai, sijui. Silali, Shemeji. Kila nikifunga macho nasema twende, halafu nageuka, hakuna mtu." Aliukunja mkono wa shati akaukunjua. "Twende pamoja usikie. Kama hakuna kitu, nitasimama kanisani kwenu niseme nilidanganya. Nitasema nilimwacha."

Hilo ndilo lililonishawishi. Nilimtaka asimame pale mbele ya wale wanawake walionishika mkono. Nilimwambia Jumamosi, na siku ilipofika niliutoa mkebe chini ya kitanda, nikaitia kengele mfukoni mwa sweta ikiwa bado imeviringishwa, ili nijue iko wapi.

Nilipanda baiskeli ya Kimanzi. Tulipita katikati ya kahawa, matope yakiturukia miguuni, Githae mbele na mimi nyuma, na sikupenda kabisa kuwa nyuma. Kulikuwa na ukungu. Kwenye drifti maji yalikuwa ya kawaida, yanapita pembeni kwa utulivu, na niliyachukia kwa utulivu wao. Tulivuka tukizisukuma baiskeli. Githae akasimama kwenye kona, pale pale aliposimama siku ile, na mimi nikasimama kando yake.

Tulingoja. Kulikuwa na sauti ya maji tu, na mbali kabisa lori likipanda mlima.

Ting-tok.

Ilitoka nyuma yangu. Mkono uliingia mfukoni wenyewe, nikaikuta kengele pale pale, baridi, kimya, imefungwa kitambaa chake. Niliishika kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, na nikiwa nimeishika hivyo, ikalia tena nyuma yangu. Ting-tok.

"Umesikia?" Githae alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Shemeji, umesikia?"

Nilisikia. Kwa hiyo hakudanganya. Kwa hiyo Kimanzi alivuka, akafika huku, akapiga kengele yake, kisha akarudi majini na baiskeli ya baba yake. Jambo nililolikimbia miezi yote lilikuwa limesimama nyuma yangu, na uoga ukanitoka, nikabaki na hasira peke yake. Niligeuka nikakipigia kichaka kelele kama mtu aliyeibiwa.

"Kimanzi! Kama ulivuka, ulirudi kufanya nini? Nilikukosea nini mimi? Hata kuniambia? Hata kumwambia mama yako?"

Kichaka kikanijibu, ting-tok. Halafu, bila kupumzika, kikalia kama wale ndege kwarara, ule mlio wao mkali wakipita juu ya paa asubuhi. Halafu kikapiga mluzi wa mchunga ng'ombe. Halafu ting-tok tena.

Sijui mizimu inafanya nini huko iliko, lakini sidhani inalia kama kwarara.

Nilimtazama Githae. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameinua darubini, kisha akaivua shingoni na kunipa. "Pale chini," alisema. "Kwenye huo mti umelala. Karibu na maji."

Ilinichukua muda, maana sikuwahi kuishika darubini maishani. Kwanza niliona majani, kisha majani, kisha ndege. Mdogo tu. Kifua cha rangi ya chungwa, kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho. Koo lake likavimba, mdomo ukafunguka, na mle ndani ikatoka kengele ya mume wangu, pamoja na ufa wake.

"Robini," Githae alisema. Vitabuni wanamwita kurumbiza. "Huyu huwa anaiga. Anaiga ndege wengine, anaiga watu. Miaka yote Kimanzi anapiga kengele hapa, na yeye amekaa hapa anasikiliza." Aliketi chini kwenye matope na suruali yake safi. "Kila Jumamosi nilimhesabu. Nilimsikia hapa, nikasema robini yupo, nikaenda zangu."

"Na ile siku mlimcheka," nilisema polepole. "Mkasema anapiga kengele kabla hajavuka."

Githae alifunika uso kwa mikono yote miwili. "Alituambia sio yeye," alisema. "Alisema alikuwa bado katikati ya maji, na sisi tukacheka."

Hakuvuka. Hilo ndilo nililolielewa nikiwa nimesimama pale na darubini ya mtu. Kengele iliyomfanya Githae aseme twende haikuwa yake. Kimanzi alikuwa bado upande ule, au katikati, na baiskeli begani, akija, kama walivyokuja wengine wote, na maji yakamchukua. Hakurudi kokote. Alikuwa anakuja. Aliosha vyombo kwa sababu vilikuwa vichafu na hakuwa na kazi nyingine. Nilicheka kwa sauti, kisha nikalia, na sikujali Githae akiniona na kamasi zangu. Nilimpiga ngumi begani, halafu nikauacha mkono wangu pale pale begani mwake, kwa sababu alikuwa analia kuliko mimi.

Tulikwenda moja kwa moja Kalimoni. Mwaitu alikuwa anachagua maharagwe uani. Alimsikiliza Githae mpaka mwisho bila kuinua macho, na vidole vyake havikuacha kuchagua.

"Mimi mtoni siendi," alisema. "Aliyetutoka kwa kupenda kwake simfuati."

"Mwaitu, hakututoka kwa kupenda," nilisema. "Ndicho tunachokuambia."

"Mnaniambia ndege. Mimi ni mzee, sio mjinga."

Nilitoa kengele mfukoni, nikakifungua kitambaa, nikaiweka juu ya maharagwe yake. Alikuwa hajaiona tangu mazishi. Aliigusa pale penye ufa kwa kidole kimoja, kisha akaufunga mkono wake juu yake.

"Hii nimekuja nayo," nilimwambia. "Njoo basi usikie nyingine. Ukisikia na bado unataka kumkasirikia, nitakurudisha na sitakusumbua tena."

Aliingia ndani, akarudi na leso mabegani na raba za mvua miguuni. Tulimpandisha kwenye keria ya baiskeli ya mwanawe, ile keria kubwa iliyomkalisha yeye na magunia ya mahindi enzi za mumewe. Nilishika usukani nikaisukuma, Githae akamshika kwa nyuma, na njia nzima Mwaitu alitulaumu. Mara tunaenda haraka, mara tunaenda kwenye mashimo makusudi. Kengele aliishika mapajani chini ya leso.

Jua lilikuwa limeshuka kidogo tulipofika, na ukungu umeondoka. Tulimshusha kwenye kona. Hakutaka kukaa. Alisimama akiwa ameutazama mto, uso mgumu, na nikaanza kuogopa kwamba tumemleta bure, maana kile kichaka kilikuwa kimya kabisa. Alipita ndege mdiria akivizia samaki, akapita mtu na mikungu ya ndizi akatusalimia. Githae alikuwa anachezesha midomo, nadhani aliomba.

"Turudi," Mwaitu alisema. "Maharagwe yangu nimeyaacha juani."

Ting-tok.

Na Mwaitu, bila kufikiri, bila hata kugeuza kichwa, kama amekaa jikoni mwake na moto mbele yake, akaitikia, "Ingia, mwana wakwa, haijafungwa."

Kisha akajisikia alichosema. Aliweka mkono mdomoni. Ndege akalia tena, na mama mkwe wangu akalitaja jina la mwanawe kwa mara ya kwanza tangu tumzike, akalitaja tena na tena, "Kimanzi, Kimanzi, Kimanzi wakwa," huku sisi wawili tukimshikilia asianguke. Alilia kile kilio chote ambacho hakukilia kaburini. Alimwomba msamaha kwa udongo. Mimi nilimwacha alie, na sikumwambia anyamaze hata mara moja.

Alipotulia aliinama mtoni akanawa uso kwa yale maji yaliyomchukua mtoto wake. Kisha akanipa kengele. "Irudishe mahali pake," alisema. "Mtu akifika nyumbani lazima asikike."

Githae alikuwa na spana mfukoni, fundi hakosi. Aliifunga pale pale kwenye usukani, akaikaza, lakini hakuijaribu, na mimi sikumwambia aijaribu. Tulimpandisha Mwaitu kwenye keria tukaanza safari ya kurudi. Hatukuwa tumefika mbali, kona ilikuwa ndiyo kwanza imetufunika, kengele ilipolia nyuma yetu, ting-tok, ya mtu aliyevuka salama.

Tulijua ni ndege. Tuligeuka kutazama sote watatu.